Pumzi Ilitangulia, Mfupa Ukabaki Nyuma

Mtu wa Mtwara anayejiandaa kwa mbio za Februari kule Moshi hujiandaa katika miezi migumu kuliko yote ya mwaka wetu. Ikifika Novemba kusi limekwishakatika, kaskazi linaleta joto zito lenye unyevu, mvua zinaanza, mbu wanazaliana, na korosho zinamiminika maghalani. Nakaa Mikindani, nafanya kazi ya ukarani kwenye ghala la korosho upande wa mjini, na kwa miaka kadhaa sasa ni mwanariadha wa ridhaa. Nakimbia nusu marathoni, na vijana wa huku kusini wakiandaa mbio za baiskeli nami huwemo. Jukwaa la washindi sijalipanda. Ninayotaka kuyaeleza ni ya ile miezi ambayo mazoezi yalikatika, kwa sababu nimeona wengi wa rika langu wakiacha michezo kabisa kwa mambo ambayo, kama wangeelezwa mapema, yasingewaondoa.

Nianze na baiskeli, maana ndiyo iliyonilea. Nimekulia kijijini juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Nanyamba. Anayeujua uwanda ule anajua shida yake: ardhi ya juu ni mchanga, mvua ikinyesha maji huzama, na chemchemi ziko chini mabondeni. Maji tuliyafuata huko kwa baiskeli ya Phoenix, tukayapandisha kwenye madumu ya lita 20 yaliyofungwa kwa mpira nyuma na ubavuni. Kupanda na mzigo ule, mlima mwingine unakanyaga, mwingine unashuka na kusukuma, ndiko kulikonipa mapaja na mapafu. Sikujua wakati ule kama ni mazoezi. Ilikuwa kazi ya nyumbani kama kutwanga au kuchanja kuni.

Kwa hiyo nilipojiunga na kikundi cha jogingi mjini, nikiwa tayari mtu mzima mwenye ajira, mambo yalikuwa rahisi ajabu. Wenzangu walikuwa wakihema, mimi naongea. Baada ya muda mfupi nikawa nakwenda na wale wa mbele, kutoka Shangani hadi njia ya uwanja wa ndege na kurudi. Mmoja wao, mzoefu wa miaka mingi, akaniuliza, "Njomba, hiyo pumzi umekopa wapi?" Nikaongeza umbali kila wiki kwa sababu hakukuwa na kitu chochote mwilini kilichoniambia nipunguze. Na hapo ndipo ulipo mtego ambao nataka kila mwendesha baiskeli anayehamia kwenye mbio autambue.

Maumivu yalianzia upande wa ndani wa ugoko wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Mwanzoni yalikuja ninapoanza kukimbia, mwili ukipata moto yanapotea. Baadaye yakawa hayapotei. Halafu yakaanza kunifuata kitandani, ile ya kulala na mguu unagonga wenyewe pasipo kuukanyagia.

Katika kipindi kile kila niliyekutana naye alinitajia John Stephen Akhwari. Habari yake kila Mtanzania ameisikia: Mexico City, Oktoba 1968, mkimbiaji wetu akaanguka njiani katika marathoni ya Olimpiki, goti likaumia vibaya, akafungwa bendeji, akaendelea mpaka akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Namheshimu mzee yule kwa moyo wangu wote, na sidhani kuna nchi iliyopewa mfano bora kuliko ule. Ila naona tunautumia mahali pasipo pake. Akhwari alivumilia siku ya shindano, siku ambayo matayarisho yote yalikwisha na hakuna kilichobaki cha kuhifadhiwa kwa ajili ya kesho. Mazoezi ya Jumanne asubuhi kwenye barabara ya Mikindani si Mexico. Mazoezi yanautaka mguu uleule kesho, na kesho kutwa, na mwezi ujao. Anayemwambia kijana mwenye mfupa unaouma avumilie kama Akhwari anamtaka alipe leo kile ambacho Akhwari alilipa mara moja, mwishoni.

Nilikwenda hospitali. Picha ya eksirei ikatoka safi, nikaambiwa sina tatizo, nipewe dawa ya maumivu. Watu wengi wa michezo huishia hapo. Wanaona picha safi, wanarudi barabarani. Bahati yangu, ndugu wa mke wangu alinielekeza kwa dada mmoja mtaalamu wa viungo, na yeye hakuiangalia picha kwanza. Aliniketisha, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa mfupa kuanzia chini ya goti kushuka. Sehemu kubwa sikusikia kitu. Akafika pale, eneo dogo tu la kufunikwa na sarafu, nikaruka. Akanieleza kwamba maumivu yaliyotapakaa kwenye ugoko mzima mara nyingi ni ya misuli na utando unaoufunika mfupa, nayo hutulia haraka mtu akipunguza mbio. Maumivu ya mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole ni ya kuogopwa zaidi, maana mfupa wenyewe unaweza kuwa umeanza kupata ufa. Na ufa wa namna hiyo katika wiki za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Huonekana baadaye, mfupa unapoanza kujiziba.

"Kaka, kabla ya kukimbia ulikuwa unafanya mchezo gani?" aliniuliza. Nikamwambia baiskeli, tangu utotoni. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Maelezo yake nimeyabeba hadi leo. Unapokimbia, kila mguu unapotua hupokea nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako. Kwenye baiskeli uzito umekaa juu ya siti. Miguu inazungusha tu, mfupa haugongwi. Ndiyo maana mtu anaweza kuendesha miaka 20, akawa na moyo na mapafu ya kumshangaza daktari, huku mifupa yake haijawahi kufundishwa kugongwa. Moyo na damu hubadilika ndani ya wiki chache za mazoezi. Mfupa huenda kwa miezi. Tena mfupa una utaratibu wake: ukiupa mzigo mpya, kwanza huondoa sehemu zake za zamani, ndipo hujenga mpya iliyo imara zaidi. Katikati hapo, ya zamani imeondoka na mpya haijakomaa, mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza. Mtu asiye na pumzi hulazimika kupumzika wakati huo bila kujua, kwa sababu amechoka. Mwenye pumzi huendelea kuugonga.

Nilikaa wiki nyingi bila kukimbia hata hatua. Mwanzoni na baiskeli nilikatazwa, kwa kuwa hata kukanyaga pedali kuliuma. Dada yule akaniambia niingie baharini. Ghuba ya Mikindani ni tulivu, na maji yakijaa unaweza kusimama kifuani bila wimbi la kukusumbua. Nikavaa yeboyebo kwa sababu ya mawe na miiba ya baharini, nikafunga dumu tupu la lita 5 kiunoni, nikaingia mpaka miguu isiguse chini, nikakimbia mahali pamoja ndani ya maji. Wavuvi waliokuwa wakirekebisha nyavu waliniuliza nimepoteza nini. Nilipowaeleza, mzee mmoja akasema kama ni hivyo nifuate majedwali ya bamvua, maji yanajaa vizuri zaidi mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na akawa ananitajia saa za kujaa kwa wiki nzima. Mazoezi yangu ya kipindi kile yalipangwa na mzee yule kuliko saa ya mkononi.

Kisha nikaruhusiwa baiskeli, na hapa pana jambo ambalo huwa halisemwi. Baiskeli iliniweka hai, ndiyo, lakini pia ilizidisha ile tofauti iliyoniumiza. Siku niliyoanza tena kukimbia, mapafu yalikuwa kama hayakuondoka, na mfupa ulikuwa umetoka kulala. Ile raha ya dakika za mwanzo, mwili mwepesi, hamu ya kuongeza kasi, ndiyo saa ya hatari kuliko zote. Nilipewa mpango wa dakika 1 kukimbia na dakika 2 kutembea, siku moja ndiyo moja hapana, na dakika za kukimbia ziongezeke taratibu wiki hadi wiki. Kwa mtu aliyezoea kwenda na wa mbele, kutembea barabarani asubuhi huku wanafunzi wakikupita ni kazi ya moyo zaidi ya mguu. Nilihama lami, nikatafuta njia za udongo ulioshindiliwa juu ya kilima cha nyuma ya Boma. Ufukweni nako nilijifunza kitu: mchanga mgumu wakati wa kupwa ni mzuri, ila ufuko umeinama kuelekea majini, na ukienda umbali mrefu upande mmoja tu mguu mmoja unakaa chini kuliko mwenzake muda wote. Lazima urudi palepale ulipopita, ili miguu igawane.

Mguu ukapona. Nikafika Novemba iliyofuata nikiwa mzima, na ikaja malaria.

Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo hatuichukulii kama jambo kubwa. Mtu hupimwa, hupewa dawa mseto, humeza asubuhi na jioni kwa siku 3 pamoja na chakula chenye mafuta ili dawa iingie vizuri mwilini, homa inashuka, anarudi kazini. Kwa kazi ya mezani hilo linatosha. Kwa mkimbiaji halitoshi hata kidogo, na nadhani hili ndilo linalowapotezea watu wa huku misimu mingi kuliko majeraha yote yakijumlishwa. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaliana humo, kisha huzipasua. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda kwenye misuli. Dawa huua vimelea. Chembe zilizopasuka hairudishi. Hizo mwili unazitengeneza upya kwa kasi yake, wiki baada ya wiki.

Safari hii, basi, mambo yaligeuka. Mguu ulikuwa tayari na pumzi ndiyo iliyokosekana. Nilikimbia mwendo wa pole kabisa, moyo ukaenda mbio kana kwamba napanda kilima. Kichwa chepesi, mapaja yanawaka mapema. Mazoea yalinituma niseme nimekuwa mvivu. Nilipokwenda zahanati kupimwa wingi wa damu, muuguzi akaniambia iko chini, akaniandikia dawa za kuongeza damu na kunisisitizia kisamvu, maharage, dagaa, na maini nikiyapata. Mke wangu akasema dagaa wapo, uvivu haupo, lala. Tangu hapo malaria ikinipata naihesabu kama jeraha kamili. Homa ikiisha natembea kwanza. Nikianza kukimbia napima mapigo ya moyo kila asubuhi kabla sijaamka kitandani, kidole shingoni, na yakiwa juu kuliko kawaida yangu siku ile haina mbio. Mbio za Februari mwaka ule nilizikosa. Niliumia, maana ada ilikuwa imelipwa na nauli imetengwa.

Juu ya joto niseme machache. Unyevu wa pwani ndio unaoumiza kuliko jua lenyewe. Jasho hupoza mwili pale linapokauka kwenye ngozi, na kaskazi likiwa limetulia jasho letu halikauki, linadondoka tu. Unapoteza maji na chumvi, na joto linabaki ndani. Mwili unaweza kuzoea, na kuzoea huko huchukua kama wiki 2 za kufanya kazi ndani ya joto bila kuzidisha. Wengi huanza asubuhi na mapema, na ni sawa, ila sisi tuko mashariki kabisa mwa nchi: jua hututangulia kwa kama dakika 40 kuliko Kigoma, na Novemba saa 12 asubuhi limekwishatoka. Anayetaka kivuli cha alfajiri hapa aamke saa 10. Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo, nililia. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha. Ilikuwa asubuhi ya joto na unyevu, na kwa muda mrefu wa mbio zile Simbu alikaa ndani ya kundi bila papara. Sisi tulioishi na hali ya hewa ya namna ile tulijua alikuwa anahifadhi nini.

Baiskeli nayo ina mikasa yake. Yangu ya sasa ni ya mtumba, ya mashindano, tairi nyembamba za namba 700. Tyubu zake mjini kwetu hazipatikani kirahisi, huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi, na miiba ya pembezoni mwa barabara haisubiri basi. Fundi wangu hukata tyubu iliyokufa kwa urefu na kuitandika ndani ya tairi, juu ya nzima. Inaongeza uzito lakini pancha zimepungua.

Kilichonitia hofu kweli ni malori. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kusafirishwa kwa wingi kupitia bandari ya Mtwara, barabara ya Mingoyo si ile ya zamani. Lori refu likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza unakusukuma nje, halafu mkia wake unakuvuta ndani. Siku moja Agosti nilikuwa narudi kutoka upande wa Lindi. Kwenda huko kusi hukusukuma mgongoni na unajiona bingwa. Kurudi linakupiga usoni, umeinama, huoni mbali, husikii vizuri kinachokuja nyuma. Lori lilinipita karibu, gurudumu la mbele likatoka kwenye ukingo wa lami, nikaenda chini. Kifundo cha mkono kikavimba, ngozi ya bega ikabaki barabarani. Dereva hakusimama, huenda hakuniona. Walionisaidia ni wauza mihogo wa pale kando. Mama mmoja aliniosha vidonda kwa maji yake ya kunywa, akaniita mwanangu, akanikataza kupanda tena baiskeli mpaka mtetemo wa mikono uishe. Sasa mazoezi marefu nayafanya barabara ya Naliendele kwenda Nanyamba, njia ya nyumbani. Malori yapo, lakini machache.

Msimu wa korosho nao sina cha kuushinda. Mnada ukikaribia, magunia yanaingia ghalani hadi usiku, mizani haipumziki, na mtu aliyesimama juu ya sakafu ya saruji tangu asubuhi hana miguu ya kupeleka barabarani jioni. Nimeacha kuidai Oktoba na Novemba mazoezi ya kasi. Naendesha kwenda kazini na kurudi, nakimbia kidogo mara chache ili mfupa usisahau, basi. Ramadhani ikiangukia karibu na Februari, kama ilivyokuwa miaka hii ya karibuni, nakimbia baada ya tarawehe. Na safari ya basi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, kisha Dar hadi Moshi, nimeihesabu ndani ya mazoezi: nafika siku mbili kabla, miguu iliyovimba ipate kushuka.

Kikundini kwetu kuna kijana wa Chikongola, dereva wa bajaji, aliyetujia mwaka huu kutoka kwenye baiskeli. Ana pumzi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine hapa mjini. Wiki iliyopita nikamwona anatua kwa uangalifu mguu wa kulia. Nikamkalisha kwenye ukingo wa barabara, nikapitisha kidole gumba kwenye ugoko wake, na nilipofika mahali fulani akaukamata mkono wangu. Akaniambia, "Kaka, mbio zimebaki wiki 5, nivumilie tu." Mwenzetu mmoja akamtajia Akhwari. Nikawaeleza wote wawili haya niliyoyaeleza hapa, kirefu, mpaka jua likatuchoma. Hakukubali. Amenikasirikia, na hasira yake naielewa kwa sababu anaweza kushinda mbio zile. Tumekubaliana jambo moja tu: Jumatatu nitamfikisha kwa yule dada mtaalamu wa viungo, na mpaka Jumatatu hatakimbia. Bajaji yake nitaiendesha mimi ile saa ya miadi, asipoteze hesabu ya bosi wake.